Tafakari ya juma: Chini ya miti ya Amani
Somo: Luka 13:6–9

Wapendwa, mgeni wa bustani ya mimea ya Amani, kule Usambara Mashariki, hutembea akitazama juu. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, na miti imekuwa mirefu kweli. Kisha mtu hurudi kwake, akautazama mwembe uliodumaa, akasema: udongo wangu mbaya.

Udongo wa Amani nao si mzuri. Una tindikali, na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka huuchuja virutubisho. Walowezi wa Kijerumani waliuona msitu wa milima ile umestawi, wakadhani ardhi imenona, wakafyeka na kupanda kahawa. Ikadhoofika. Rutuba ilikuwa kwenye majani yanayoanguka na kuoza, nao walikwisha kuiondoa miti iliyoyaleta.

Kwa hiyo ukienda, inama. Fukua kwa vidole: juu majani makavu, chini yake meusi yenye unyevu, na vimizizi kama nyuzi vimeshayapenya. Sasa uwanja wetu. Tunafagia alfajiri, majani yanachomwa, udongo unabaki mgumu kama sakafu na mvua inapita kwenda kwa jirani. Uwanja safi ni heshima ya nyumba, sikatai. Ila chini ya mti si sebuleni.

Mwenye shamba katika Luka alitazama matawi, akakosa tini, akasema ukatwe. Mtunza shamba alitazama chini. Akaomba mwaka mmoja, apalilie, atie samadi.

Samadi ya ng'ombe irundikwe miezi 3 hivi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na kingo za majani hukauka. Tifua sentimita 5 tu, usije ukakata mizizi. Mti wa makamo unatosheka na ndoo 2, zisambazwe usawa wa ncha za matawi, si shinani, maana mizizi inayokula iko huko nje. Funika kwa majani, ukiacha shubiri moja wazi kuzunguka shina. Yakiligusa, gome huoza na mchwa huingia. Mche mchanga upe ndoo nzima mara moja kwa wiki, si kikombe kila jioni: maji ya juujuu huiita mizizi juu, na kiangazi kikifika inaungua.

Mtunza shamba hakuahidi tunda. Luka hatuambii kama mtini ule ulizaa. Habari inakoma yeye akiwa bado anauombea.