Babu na kinanda chake
Juzi tumemzika Babu, hapa hapa Tabora. Wengi wanamlilia mwalimu wa kwaya. Mimi namkumbuka chini ya mwembe, akinigongea goti kwa kidole: do, re, mi. Nikikosea "fa" anakohoa tu, hakuwahi kunifokea. (Mkali alikuwa Bibi.) Kinanda chake kilikuwa na vitufe viwili vibovu, basi kila zamu yao ikifika alikuwa anaviimba mwenyewe kwa mdomo, bila kusimamisha wimbo. Makaburini kwaya ilianza chini mno, besi wakapotea kabisa. Nikajikuta nageuka kusikiliza kikohozi. Daftari lake la nota ninalo mimi sasa. Lina doa la asali ukurasa wa kwanza, bado linanata.