Siku Tatu za Fundi

Mwezi Aprili mwaka 2014, masika yakiwa yamekolea, giaboksi ya otomatiki ya Hilux yangu iliacha kushika tulipokuwa tumeipita Soni kidogo, tukipanda milima ya Usambara kuelekea Lushoto na mifuko ishirini ya mbolea nyuma. Injini iliendelea kuunguruma kama kawaida, lakini gari likawa linasogea kwa shida, kisha likagoma kabisa, na nilipokanyaga mafuta zaidi ilipanda sauti tu. Shemeji yangu aliruka nje akaweka jiwe nyuma ya tairi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, mafuta ambayo huwa mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa na kutoa harufu ya kitambaa kilichoungua.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari, na pikapu ile tuliinunua mimi na shemeji ili ipandishe mbolea na kuteremsha mboga. Ilitoka Japani ikiwa imetumika, ya kabini mbili, yenye injini ya dizeli aina ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Bei yake ilikuwa chini ya wenzake kwa sababu hiyo hiyo ya otomatiki, na sisi tulijiona wajanja. Ukweli ni kwamba giaboksi ile haikuwa na kosa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona na mwinuko, na sisi tuliipandisha mara tatu kwa wiki ikiwa na tani nzima mgongoni, bila kubadilisha mafuta yake hata mara moja. Rejeta ndogo ya ziada ya kuyapoza mafuta hayo ingeniokoa, lakini nililijua hilo baadaye sana.

Tulikokotwa hadi Korogwe. Fundi aliyelitazama gari alikuwa mtu mpole, mwenye kujiamini, na hakutumia hata dakika kumi chini yake.

"Mwalimu, hii otomatiki achana nayo," alisema akipangusa mikono. "Tuweke manyuali. Siku tatu unaondoka na gari lako."

Hoja zake zilikuwa nzuri. Gari la gia za mkono likiishiwa betri husukumwa likawaka, na la otomatiki halisukumwi. Ukiteremka mlima na mzigo, gia ya pili inalishika gari na breki zinapumzika. Spea zake zipo kila mahali, na siku ya kuliuza hutapata mnunuzi anayekunja uso. Nilikubali palepale, kesho yake nikapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Kosa langu kubwa nililifanya Gerezani, mtaa wa wauza spea pale Dar es Salaam. Muuzaji mmoja alikuwa na Hilux ya aina ileile iliyochinjwa, akanitajia shilingi 1,600,000 kwa kila kitu kinachohusika: giaboksi na transfa yake inayogawa nguvu mbele na nyuma, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), pedali, pampu za klachi, propela zote mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, hata kile chuma cha chini kinachobeba giaboksi. Giaboksi na transfa peke yake aliniuzia 950,000. Aliponiuliza kwa utaratibu, "Na pedali unazo, mzee?" nilidhani ananitega ili aniongezee mzigo. Nilichukua giaboksi na transfa tu, nikaipakia kwenye basi, nikarudi Korogwe nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyeokoa fedha.

Siku ya kwanza fundi aliteremsha giaboksi ya zamani, na hapo ndipo nilipoanza masomo. Nyuma ya injini ya otomatiki hakuna flaiwili. Kuna bamba jembamba la chuma lenye meno ya stata, ile mota ya kuwashia injini, na juu yake hufungwa konveta inayosukuma nguvu kwa mafuta. Klachi, inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, haina mahali pa kukaa kwenye bamba hilo. Kwa hiyo ilitakiwa flaiwili nzito, kisha klachi pleti, presha pleti, beringi ya kuachia klachi na uma wake. Tulipata flaiwili Tanga, ikiwa imeungua usoni, ikabidi ipelekwe kukerezwa. Iliporudi, bolti zilizokuwa zikishika lile bamba jembamba zilikuwa fupi mno kwa unene wake, na bolti za injini si za kuokoteza dukani, kwa sababu zikikatika ndani hutatamani kusimulia. Wiki moja ikaisha kwa bolti nane.

Pedali ilikuwa hadithi nyingine. Pedali ya breki ya otomatiki ni pana, imekaa katikati kama inayomiliki sehemu yote, na pedali ya klachi hutundikwa kwenye kiti kimoja na ya breki chini ya dashibodi, kwa hiyo hata breki yenyewe ilipaswa kung'olewa. Nilirudi Gerezani. Muuzaji wangu alinikumbuka, akacheka kwa heshima, akaniambia zile za lile gari zilikwenda Morogoro siku mbili zilizopita. Nilizipata kwa mwingine, pamoja na pampu ya juu na ya chini za klachi, kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu.

Wiki ya nne giaboksi ilipanda. Tuliwasha gari tukiwa tumelizunguka kama watu wanaosubiri mwezi kuandama. Injini ilishika, fundi akakanyaga klachi, na kutoka ndani ikatoka sauti ya kulia, nyembamba, iliyonyamaza alipoachia. Gia ya kwanza iliingia kwa kusaga, na ya kurudi nyuma ilikataa. Alitoa upepo kwenye mfumo wa klachi mara nne, akarefusha fimbo ya pampu, akalaumu presha pleti, akamlaumu aliyeniuzia presha pleti. Giaboksi ikashushwa, ikatazamwa, ikapandishwa tena, na sauti ikabaki ileile.

Tatizo lilikuwa beringi moja ndogo inayoenea kiganjani. Ncha ya shafti ya giaboksi ya mkono huingia katikati ya mwisho wa kranki, shafti kuu ya injini, na kushikiliwa na beringi hiyo. Gari la otomatiki halina haja nayo, kwa hiyo tundu lake lilikuwa tupu tangu kiwandani. Bila beringi, ncha ya shafti inayumba, klachi pleti haiachii sawasawa, na gia zinasaga. Iligharimu shilingi elfu kumi na tano. Kuifunga kulimaanisha kushusha giaboksi mara ya tatu, mvua ikinyesha juu ya bati la gereji na vijana wawili wakiwa wamelala chali kwenye maji. Sikuwa na moyo wa kugomba. Fundi naye siku hiyo hakusema neno tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi.

Yaliyobaki yalikwenda kwa kukata na kuchomelea. Sakafu ilitobolewa kwa grainda kwa ajili ya mkono wa gia, na chuma kinachobeba giaboksi kikasogezwa mbele na kutobolewa matundu mapya kwenye chasisi. Kwa kuwa giaboksi mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani, propela ya mbele ikawa ndefu na ya nyuma ikawa haifiki. Zote mbili zilipelekwa kwenye karakana ya kukereza vyuma, moja ikakatwa, nyingine ikaungwa.

Tulipolijaribu gari kwenye barabara ya Segera, lilikwenda vizuri hadi kilomita 60 kwa saa. Lilipokaribia 80, sakafu yote ilianza kutetemeka, vioo vikalia, na kikombe changu cha chai kikaanguka. Fundi alishuku matairi, kisha mipira ya injini. Aliyetuokoa ni dereva mmoja mstaafu wa malori aliyezoea kuja gereji kupiga soga. Aliinama, akatazama propela ya nyuma, akaonyesha kwa fimbo yake.

"Fundi, hebu tazama masikio ya krosi. Hili la mbele limelala, la nyuma limesimama. Huyo aliyeunga hakuyalinganisha."

Ilikuwa kweli. Krosi, yaani viungo vya ncha mbili za propela, zinapaswa kukaa kwa mstari mmoja ili moja isawazishe mwendo wa nyingine, na mchomeleaji aliunga bomba bila kulitazama hilo. Ikakatwa, ikaungwa upya. Mtetemo ukaisha.

Likabaki la mwisho, ambalo tulidhani ndilo dogo kuliko yote. Gari la otomatiki haliwaki mpaka mkono wa gia uwe kwenye P (kuegesha) au N (huru), kwa sababu kuna swichi kwenye giaboksi inayokata umeme wa stata. Swichi ile iliondoka na giaboksi yake, hivyo stata haikuzunguka. Fundi wa umeme alizikata nyaya mbili, akazisokota pamoja, akazifunga utepe. Gari likawaka. Nililipa, na daftari langu likaonyesha jumla ya shilingi 2,640,000 bila nauli za Dar es Salaam, katika wiki saba.

Asubuhi ya kwanza Lushoto niliegesha pembeni mwa soko, kwenye mteremko, nikaacha gia ya kwanza ndani kama inavyotakiwa mlimani, nikaenda kulipia karoti. Utingo wetu, kijana aliyekuwa na mazoea ya kuwasha gari ili lipate moto, aliingiza mkono dirishani na kuzungusha ufunguo, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka miwili. Hakukuwa tena na kitu cha kuikataza stata. Hilux iliruka mbele kama mbuzi aliyechomwa na mwiba, ikapanda juu ya matenga matatu ya nyanya, ikazimika hapo.

Mama mwenye nyanya alinitazama nikija mbio na risiti mkononi. "Mwanangu," aliniuliza, bila hasira kabisa, "hili gari lako lina pepo?"

"Hapana, mama. Ni nyaya tu. Shikamoo."

"Marahaba. Nyanya zangu utalipa."

Nililipa matenga yote matatu. Zilizopondeka tulizichukua, na nyumbani kwangu tulikula mchuzi wa nyanya karibu wiki nzima.