Gari la mjomba: nilianza na breki, injini ikasubiri

Gari hili lilisimama miaka saba. Mjomba aliliegesha siku daktari alipomwambia kwamba macho yake hayamruhusu tena kuendesha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa. "Mjomba, likikufaa lichukue," aliniambia. Yeye na mimi huitana hivyo. Nilipokwenda kuliona, matairi yote manne yalikuwa chini, panya walikuwa wamejenga kiota karibu na chujio la hewa, na mlango wa dereva ulifunguka kwa kuvutwa na watu wawili.

Fedha yangu ilikuwa sawa na mshahara wa miezi miwili, na nilikuwa nimeidunduliza mwaka mzima. Nyuma yake hapakuwa na nyingine. Nikanunua daftari na kuligawa mara tatu: yale ambayo bila hayo gari haliwezi kuingia barabarani, yale yanayoweza kusubiri, na yale ambayo sitayatolea hata senti. Rangi, viti na redio viliingia sehemu ya tatu siku ileile.

Kila aliyepita aliuliza swali moja: "Linawaka?" Hata mimi lilikuwa limenikaa kichwani. Aliyelibadilisha ni fundi mmoja mzee, jirani, ambaye alishaacha kazi ya gereji. Alizunguka gari, akachuchumaa, akachungulia chini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, likishawaka utalisimamishaje?" Swali hilo ndilo lililopanga matumizi yangu yote.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, hata hivyo, ilinibidi nijue kama injini imekwama. Jaribio lenyewe halina gharama. Nilifungua plagi zote nne, nikamimina oili kidogo ndani ya kila silinda, nikaiacha siku mbili ipenye kwenye ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba pembeni mwa pistoni. Siku ya tatu nilitia spana kwenye bolti ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kuivuta taratibu kwa mkono, kwa upande ule ambao injini huzungukia. Mwanzoni ilikataa. Nikavuta tena bila kulazimisha, nikaisikia ikiachia. Ilizunguka duara mbili kamili bila kugota popote, nami nikakaa chini kwa furaha. Kama ingegoma kabisa, ningeliuza gari kama chuma chakavu na kurudisha fedha yangu benki.

Baada ya hapo injini ikafunikwa, tukahamia kwenye magurudumu.

Siku ya kwanza ya kazi ya breki mzee alikuta nimeinua gari kwa jeki na kulishikiza kwa matofali. Alinitoa chini yake kwa sauti ambayo sijaisahau. Tofali hupasuka ghafla chini ya uzito, halitoi dalili. Na jeki peke yake ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia gari wakati mtu yuko chini. Niliazima stendi nne za chuma, na kila mara kabla ya kuingia chini nililitikisa gari kwa nguvu kuhakikisha limetulia. Ukiwa na fedha ndogo, hapa si mahali pa kubana.

Pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama maji ya mtaro. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na maji hayo hufanya mambo mawili: hula chuma kwa ndani, na hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yakachemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inashuka, gari linaendelea kwenda.

Kalipa za mbele, yaani vibanio vya breki, zilikuwa zimeganda. Kununua nyingine kungekula robo ya fedha yangu, kwa hiyo tulizifumua. Pistoni ndogo za kalipa hizo tulizitoa kwa nguvu ya pedali yenyewe, moja moja, kipande cha mbao kikiwa mbele yake isiruke. Moja ilikuwa na vishimo vya kutu pale sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) inapokaa, hiyo tukainunua mpya. Nyingine ilisafishika. Nilinunua sili mpya za kalipa zote mbili, pedi mpya, na mipira mipya ya kupitishia mafuta ya breki kwa magurudumu yote, kwa sababu ile ya zamani ilionyesha nyufa ilipokunjwa. Mzee alinikataza kuosha sili kwa petroli au kuzipaka oili ya injini, kwa kuwa mpira wa breki huvimba na kuharibika. Tulitumia mafuta ya breki yenyewe. Nyuma, silinda ndogo ndani ya ngoma za breki zilikuwa zinavuja, zikabadilishwa zote mbili. Bomba la chuma linalopita juu ya ekseli ya nyuma lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba niliposugua kwa msasa lilitoka tone. Nalo tulilibadilisha, maana lingeweza kupasuka siku yoyote ya kukanyaga breki kwa nguvu.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya mabomba ya breki, kulichukua alasiri nzima. Mpwa wangu alikaa kwenye usukani, mimi nikiwa kwenye gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), kijimpira kimezama kwenye chupa. "Kanyaga. Shikilia." Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia." Tulirudia mpaka mafuta yakatoka safi bila povu hata moja, tukahamia gurudumu linalofuata. Pedali ilipokuja kusimama juu, ngumu chini ya mguu, ndipo nilipoamini kwamba gari hili litarudi barabarani.

Injini sasa. Petroli ya miaka saba ilinuka kama vanishi. Tuliimwaga yote, tukashusha tangi, tukaosha uchafu na kubadilisha filta. Mkanda wa taiming, unaoiendesha valvu na pistoni kwa mpangilio mmoja, ulionekana mzima kwa mbali, lakini nilipoukunja ulionyesha nyufa. Kwenye injini nyingi mkanda huo ukikatika valvu na pistoni hugongana, na hapo injini inafumuliwa. Niliubadilisha kabla ya kuwasha hata mara moja. Oili mpya, filta mpya, maji ya rejeta yakasukumwa hadi yakatoka meupe, thamostati (kifaa cha kudhibiti joto la maji) na mipira miwili ya rejeta vikabadilishwa.

Niliazima betri, nikapiga stata. Tak. Kimya. Tak tena. Watu watatu waliniambia stata imekufa, na mmoja tayari alikuwa na ya kuniuzia. Nilikaribia kuinunua. Lakini nilikuwa na mita ndogo ya umeme, nikaweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mpwa wangu akageuza ufunguo. Mita ilisoma zaidi ya volti 3, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi. Maana yake umeme ulikuwa unapotea kwenye waya wa athi, ule unaourudisha umeme kwenye nguzo hasi, haufiki kwenye stata wote. Nilifungua waya huo na kukuta unga wa kijani kati yake na bodi. Nikausugua kwa msasa hadi chuma king'ae, nikaukaza. Plagi zikiwa bado nje, nikageuza ufunguo: stata ikazungusha injini kwa kasi, taa ya oili ikazimika. Nikarudisha plagi. Mara ya nne injini ikawaka, ikakohoa moshi mweupe, ikatulia.

Fedha niliyoipoteza ni ya matairi. Nilinunua yaliyotumika, mistari yake ina kina kizuri, nikafurahia bei. Nyumbani ndipo nilipokumbuka kusoma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka. Yalikuwa na zaidi ya miaka tisa. Moja lilivimba ubavuni ndani ya wiki moja, na muuzaji hakukubali kuyarudisha. Iliniuma sana. Nilisubiri miezi miwili, nikanunua manne mapya. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, ikifuatiwa na kuchomelea sakafu chini ya miguu ya dereva, ambapo bisibisi ilipenya bila kusukumwa.

Jaribio la kwanza nililifanya uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha kwenye njia tupu, nikisimama na kushuka kila baada ya kilomita mbili kusogeza kiganja karibu na kila rimu. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na moto kuliko mengine: waya wa breki ya mkono ulikuwa umeganda ndani ya ala yake. Ukabadilishwa.

Ukaguzi wa kwanza gari halikupita. Tairodi endi moja, kiungo cha usukani kwenye gurudumu, ilikuwa inacheza, na taa kubwa ya kulia ilimulika juu mno. Mkaguzi alikuwa sahihi kwa yote mawili. Baada ya siku kumi nilirudi, likapita.

Siku hiyohiyo nilimfuata mjomba. Alikaa mbele, akatafuta mkanda kwa kupapasa, akaufunga. Hakuzungumza mpaka tulipofika kwenye makutano na gari likasimama taratibu, bila kuvuta upande wowote. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza injini ikiunguruma.

"Valvu moja inagonga," alisema. "Huisikii, mjomba?"

Nilizima feni ya ndani, nikatega sikio. Kweli, kulikuwa na mlio mwembamba, tik-tik-tik. Tulipofika kwake nilitoa daftari nikaiandika kwenye sehemu ya pili, ya yale yanayoweza kusubiri.