Mradi wa picha za mayai, wiki ya tatu: kisutu kimegoma

Mayai manane wiki hii. Ute unakwenda kwenye karatasi za picha, viini vinakwenda kwenye keki, na shangazi ameanza kuuliza mradi unaisha lini maana magauni yanambana.

Kwa aliyechelewa: napiga picha vitu vya kale vya nyumbani kwa namna ya Isabel Agnes Cowper. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, fundi wa kuchonga michoro kwenye mbao. Kaka yake, Charles Thurston Thompson, alikuwa mpiga picha wa Makumbusho ya South Kensington, London, ambayo leo ni Victoria and Albert. Alipofariki mwaka 1868 dada akaishika kazi, hakuiachia hadi 1891. Miaka 23 ya vyombo vya fedha, sanamu na lesi.

Enzi zake kioo kilipakwa kolodioni (kimiminika kizito kinachonata), kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, dawa inayokifanya kihisi mwanga, kikapigwa picha kikiwa bado kibichi. Kolodioni ina etha, na etha hushika moto upesi. Jikoni kwa shangazi? Hapana. Napiga kwa simu, nabakiza rangi ya bluu tu, kwa kuwa kolodioni huiona bluu lakini nyekundu haiioni. Nachapa hasi, yaani picha iliyogeuzwa weupe kuwa weusi, kwenye plastiki, naibana juu ya karatasi yenye ute na nitrati, naianika juani.

Mrashi wa fedha wa bibi umekubali mara ya nne. Kabla ya hapo dirisha zima lilikaa tumboni mwake, na mimi katikati na simu yangu. Nikatundika shuka jeupe dirishani, nikasogea pembeni. (Thompson naye mwaka 1853 alipiga kioo cha Venice, akatokea humohumo na kamera yake. Basi sina aibu sana.)

Kanga ya kisutu ndiyo iliyonishinda. Wekundu wake wote umekuwa mweusi, ukameza na maua meusi. Ukiitazama picha utadhani kaniki iliyoingia madoa ya chokaa. Lesi za Cowper hazikuwa na shida hiyo: uzi mweupe juu ya giza, kolodioni haina la kulalamikia.

Kanga ya bluu na nyeupe nayo itatoka tupu, maana bluu hutoka nyeupe. Nahitaji nguo nyeusi na nyeupe, na mwenye nayo ni shangazi, ambaye leo ameona vidole vyangu vilivyoungua weusi kwa nitrati na ameifungia kabatini.