Korosho zangu zilivyobadili jina

Marehemu kaka yangu ndiye aliyenifundisha kubangua korosho. Alipofariki nilibaki na karai lake, jiko lake na wateja wake wa stendi ya Mtwara. Nilipoamua kuuza kwa pakiti badala ya kupima kwa kikombe, jina halikunisumbua hata dakika moja: KAKA, kwa herufi nene nyekundu. Nikachapisha stika 300.

Biashara ikaenda vizuri mpaka siku nilipopeleka mzigo Mikindani. Kwenye baraza ya nyumba ya wageni ilikaa familia ya Wahispania. Mtoto wao, kama miaka sita hivi, alishika pakiti, akasoma, akacheka mpaka akaketi chini. Mama yake akamnyang'anya, uso umemwiva kuliko stika yangu. Walinunua pakiti mbili, lakini nadhani ni kwa kunionea aibu.

Jioni nikamsimulia shemeji yangu, aliyekulia Palma, ng'ambo ya Ruvuma, akasoma kwa Kireno. Naye akaangua kicheko. "Shemeji, nilikuwa naona haya kukwambia. Hicho ni kile mtoto anachoacha kwenye nepi." Kumbe Wareno, Wahispania na Wafaransa wote wanalo neno hilo kwa lugha ya kitoto, urithi wa Kilatini. Na yeye miezi yote hiyo anatafuna korosho zangu, kanyamaza!

Ningeweza kubandua stika nikaishia hapo. Lakini lilikuwa jina la kaka yangu, nikaona nisiliache kabla sijalijua. Nikachukua daftari. Mzee mmoja Mgujarati mwenye duka la viungo aliniambia kwao kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Kwa Wahausa ni babu au bibi. Wasweden wakisema kaka wanamaanisha keki au biskuti. Hapo nikatamani wao ndio wangefika Mikindani siku ile. Wamaori wa New Zealand wana kasuku wao anaitwa hivyo. Na yule Kaká wa Brazil aliyechezea Real Madrid, katikati ya Wahispania wenyewe, jina alipewa na mdogo wake aliyeshindwa kutamka Ricardo. Hata Kiswahili chenyewe kinaweza kunicheka: kaka la yai ni ganda tupu, na mimi nauza kilichomo ndani!

Kazi ngumu ilikuwa kujua nani ni ndugu ya nani. Kwa Kiajemi pia kaka ni ndugu wa kiume, na kutoka huko mpaka pwani yetu njia inaonekana: majahazi yalikuja na kaskazi karne nyingi. Lakini keki ya Wasweden haikuja kwa jahazi, wala kasuku wa Wamaori. Hao walikutana na neno letu barabarani tu. Silabi moja ukiirudia mara mbili, kama mtoto anayeanza kusema, midomo haichoki, na kila lugha inaitia maana yake. Ndiyo maana baba ni baba kwetu na kwa Waturuki, halafu kwa Wapolandi ni mwanamke.

Basi nikaigeuzia korosho yenyewe swali lilelile: wewe ulipita wapi? Shemeji anaiita caju. Mzee wa viungo, kaju. Kamusi zetu zina kanju na mkanju, ingawa hapa Mtwara tumezoea bibo na mkorosho. Safari hii haikuwa bahati nasibu. Watupi wa Brazil waliuita mti huu acajú. Wareno wakachukua mbegu na jina pamoja, na katika karne ya 16 wakavifikisha Goa na pwani hii ya Afrika Mashariki. Neno lilisafiri limeshikana na mbegu, kwa hiyo kila lilikoshuka watu wanalielewa.

Nikaandika KANJU kwenye karatasi. Nikampelekea shemeji, kisha mzee wa viungo, bila kuwaambia ni nini. Wote wawili walijibu palepale: korosho. Sikuhitaji kuuliza zaidi, nikaenda kuchapisha. Stika za zamani nilizimalizia stendi, ambako kaka ni kaka na hakuna anayecheka.

Usiku kabla ya kuzibandika mpya, nilitafuta mara ya mwisho kwenye simu, maana kicheko cha yule mtoto kilikuwa bado masikioni. Nikakuta Wajapani nao wana kanju yao: kulipokea jambo usilolipenda na kulivumilia bila kulalamika. Nikatazama vidole vyangu vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda, nikazima simu, nikaanza kubandika.