Aliyejua Uchungu wa Kukaa Peke Yake

Neno la juma hili: "Wakumbukeni wale waliokuwa wakiwaongoza, waliowaambia neno la Mungu, tena, kwa kuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao." (Waebrania 13:7)

Wapendwa katika Bwana,

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania hakuishia kwenye neno "wakumbukeni". Aliongeza agizo la pili ambalo mara nyingi tunalipita haraka, nalo ni kuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao. Kuchunguza ni kazi. Tunapowazika wazee wetu husomwa wasifu wa marehemu kwa dakika chache, tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, idadi ya watoto na wajukuu, kisha jeneza linateremshwa. Na mara nyingi jambo lile lililomfanya mtu awe kama alivyokuwa linabaki nje ya karatasi. Juma hili naomba tumchunguze mzee mmoja wa mbali na kwetu, Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, mwanamichezo, baba wa nyumba na mchungaji. Jina lake ni Douglas Nicholls. Watu wake walimwita Mchungaji Doug, na uzeeni wakamwita Mjomba Doug, kwa maana Waaborijini humwita mzee wanayemheshimu mjomba au shangazi bila kuulizana ukoo, kama tunavyofanya sisi mitaani kwetu.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika makazi ya Cummeragunja, kando ya Mto Murray, mto unaotenganisha majimbo ya New South Wales na Victoria. Kabila lake ni Wayorta Yorta, ambao wamekaa kando ya mto huo tangu zamani za kale. Cummeragunja ilikuwa na kanisa, shule na kiwanja cha mpira, na vijana wake walisifika kwa mbio na kwa mpira. Ilikuwa pia mahali ambapo serikali iliamua nani aishi, nani aondoke na mtoto gani achukuliwe. Doug alipokuwa na miaka 8 aliwaona polisi wakimchukua kwa nguvu dada yake Hilda, msichana wa miaka 16, na kumpeleka Cootamundra, kwenye nyumba ambamo wasichana wa Kiaborijini walifundishwa kuwa watumishi wa majumbani. Sheria za wakati ule ziliruhusu hivyo. Naomba tusiliache jambo hili kwa haraka, kwa sababu mtoto wa miaka minane anaelewa kabisa kwamba dada yake analia, ila hana awezalo kufanya.

Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kondoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kubeba lami: mkata manyoya anapomjeruhi kondoo kwa mkasi, mtoto huitwa, naye hukimbia na kopo lake na kuipaka lami juu ya jeraha ili nzi wasilishambulie. Mimi nimeitafakari kazi hiyo mara nyingi. Mtoto yule aliyefunzwa kukimbilia palipo na jeraha ndiye aliyekuja kuwa mchungaji.

Mwaka 1927 alikwenda Melbourne kujaribu bahati yake katika mpira wa Kiaustralia, ule wa mpira wenye umbo la yai, ambao wachezaji huupiga kwa mguu na kuudaka juu kwa juu. Alikuwa mfupi, kama sentimita 157 tu, lakini alikuwa na kasi ya kushangaza na aliruka kuliko warefu. Klabu ya Carlton, iliyokuwa kubwa, ilimpokea mazoezini. Ila katika chumba cha kubadilishia nguo wapo waliosema hawataki kuchangamana naye kwa sababu ya rangi yake, na wachuaji wa timu walikataa kumchua misuli. Hakupangwa kwenye timu, akaondoka.

Alihamia Northcote, klabu ya ligi nyingine, na huko akang'ara. Mwaka 1929 alishinda pia mbio za fedha za Nyah na za Warracknabeal, mashindano ya miji ya mashambani yaliyopendwa sana wakati ule. Aliwahi hata kupigana ndondi katika kundi lililozunguka na hema lake kutoka mji hadi mji. Mwaka 1932 akaitwa na Fitzroy, klabu ya ligi kuu, na aliichezea michezo 54 hadi mwaka 1937. Mwaka 1935 aliiwakilisha Victoria, na alikuwa Mwaborijini wa kwanza kufanya hivyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa habari hii yote. Doug alipofika Fitzroy aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akaenda kukaa pembeni, peke yake. Hakusubiri kuambiwa. Alikuwa amekwisha kujifunza mahali pake. Haydn Bunton, nyota wa klabu ile, aliyepata mara tatu medali ya mchezaji bora wa ligi nzima, alimwona, akainuka, akaenda kukaa karibu naye, na tangu siku ile akawa anabadilishia nguo hapo. Hakutoa hotuba. Alihamisha nguo zake tu.

Zaburi ya 68 inasema, "Mungu huwakalisha wapweke nyumbani." Nimelisoma neno hili kwenye misiba na kwenye ibada za wajane, lakini sikuwahi kuliona likitimia kwenye benchi la wachezaji mpaka nilipokutana na habari ya mzee huyu. Kuna mengi ambayo Bunton asingeweza kuyabadilisha. Asingeweza kufuta sheria zilizomchukua Hilda, wala asingeweza kuwanyamazisha watazamaji waliomtukana Doug uwanjani. Lakini hatua zile chache za kuvuka chumba zilikuwa mikononi mwake, naye alizitembea. Na tukiuchunguza mwenendo wa Doug Nicholls kuanzia hapo tutaona kwamba miaka zaidi ya hamsini iliyobaki aliwatendea wengine jambo lile lile.

Katika miaka ya 1930, baada ya mama yake kufariki, imani aliyolelewa nayo Cummeragunja iliamka upya ndani yake, akabatizwa katika Kanisa la Kristo la Northcote. Jumamosi alicheza, Jumapili akasimama kushuhudia. Wapo kati yetu waliofundishwa kwamba mpira ni mambo ya dunia na kwamba kijana akiokoka aache viatu vyake vya mpira mlangoni. Siwadharau waliotufundisha hivyo, maana waliona hatari za kweli. Lakini katika maisha ya mzee huyu jina alilolipata uwanjani lilimfungulia milango ya mimbari, na nidhamu ya uwanjani ikaingia katika utumishi wake. Mtume Paulo naye hakuona aibu kuazima lugha ya wakimbiaji aliposema, "mwendo nimeumaliza."

Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliitwa jeshini, lakini mwaka 1942 polisi wa Fitzroy, mtaa wa Melbourne, wenyewe waliomba aachiliwe, kwa kuwa Waaborijini wengi walikuwa wamehamia mtaa ule kutafuta kazi, wengi wakiwa katika umaskini na ulevi, na hapakuwa na mtu waliyemsikiliza kama yeye. Akaanza kuwatembelea majumbani, mahakamani na mahabusu. Katika mtaa wa Gore, Fitzroy, likapatikana kanisa dogo, naye akawa mchungaji wake.

Mwaka huo huo msiba uliingia nyumbani kwao. Kaka yake Howard alifariki kutokana na ajali ya gari, akamwacha mjane, Gladys, na watoto watatu. Mwezi wa Desemba 1942 Doug alimwoa Gladys. Natambua kwamba ninaposema hivi wapo dada zetu wanaojikunyata, kwa sababu katika jamii zetu nyingi kurithi mjane kumeleta machozi, kunyang'anywa mashamba na maradhi. Siileti habari hii ili kuitetea desturi hiyo. Naileta ili tutazame jinsi nyumba hii ilivyokuwa. Walikaa pamoja zaidi ya miaka 38, wakalea watoto 6, na Gladys hakuwa mtu wa kurithiwa kama kiti. Alikuwa mtumishi kamili kwa haki yake mwenyewe. Wasichana wa Kiaborijini walipokuwa wakifika Melbourne kutoka mashambani, bila ndugu wala mahali pa kulala, yeye ndiye aliyesimamia hosteli yao Northcote. Hebu tumkumbuke Hilda hapa. Msichana mmoja wa familia ile alichukuliwa akafungiwe katika nyumba ya serikali. Miaka kadhaa baadaye familia ile ile ikafungua nyumba ambayo wasichana waliingia kwa hiari yao na kukuta chakula na mtu wa kuwaita binti.

Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa Baba wa Mwaka wa jimbo la Victoria. Kati ya heshima zake zote hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa maana alitoka katika watu ambao serikali iliwaona hawafai kulea watoto wao wenyewe.

Utumishi wake haukuishia kwenye kuwafariji watu. Alilelewa kisiasa na William Cooper, mzee wa ukoo wake, mwanzilishi wa Jumuiya ya Waaborijini wa Australia, na tarehe 26 Januari 1938, Wazungu waliposherehekea miaka 150 ya kufika kwao, Doug alikuwa miongoni mwa waliosimama Sydney katika Siku ya Maombolezo kudai haki za raia. Mwaka 1963 alijiuzulu kutoka bodi ya serikali iliyoshughulikia mambo ya Waaborijini, akipinga mpango wa kuwahamisha watu wa Lake Tyers, makazi ya Waaborijini jimboni Victoria. Mwaka 1971 wenyeji wale walikabidhiwa ardhi yao. Alizunguka pia nchi nzima kabla ya kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali Waaborijini wahesabiwe pamoja na raia wengine na serikali kuu ipewe mamlaka ya kutunga sheria kwa ajili yao. Katika hotuba zake alipenda mfano wa piano, kwamba vibao vyeusi peke yake vitatoa sauti na vyeupe peke yake vitatoa sauti, lakini wimbo wenye upatanifu unahitaji vyote. Mfano huo uliletwa na Dk. James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, yule yule aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Nafurahi kuona kwamba neno la Mwafrika lilivuka bahari na kutumika kinywani mwa mchungaji wa Fitzroy.

Wapo vijana wa Kiaborijini wa wakati wake waliomwona mpole kupita kiasi, na kwamba alikubali mno heshima za wakubwa. Mwaka 1972 alipewa cheo cha Sir na Malkia wa Uingereza, Mwaborijini wa kwanza kupewa, na tarehe 1 Desemba 1976 akaapishwa kuwa Gavana wa jimbo la Australia Kusini. Lawama ile si ya kupuuzwa, kwa kuwa waliomlaumu walikuwa na njaa ya haki na walikuwa na sababu ya kuchoka kusubiri. Hata hivyo mimi naona kwamba mtu aliyejiuzulu kwenye bodi kwa ajili ya watu wa Lake Tyers hakuwa mtu wa kununuliwa kwa vyeo. Upole wake ulikuwa na mfupa ndani yake.

Ugavana haukudumu. Miezi miwili hivi baada ya kuapishwa alipatwa na kiharusi, na tarehe 30 Aprili 1977 akaachia ngazi. Mkimbiaji wa Nyah na Warracknabeal akawa mtu wa kushikwa mkono. Mwaka 1981 Gladys akafariki. Miaka hii ya mwisho haina mengi ya kuandikwa magazetini, lakini ndiyo ambayo neno letu la juma linatuelekeza kuichunguza.

Leo hii, tangu mwaka 2016, kila msimu ligi kuu ya Australia ina mzunguko wa michezo unaoitwa kwa jina lake, na klabu zote huvaa jezi zilizochorwa na wasanii wa wenyeji wa asili, Carlton ikiwamo. Katika bustani iliyo karibu na Bunge la Victoria, jijini Melbourne, imesimama sanamu yake. Waliompenda hawakumsimamisha peke yake. Gladys yuko ubavuni pake.

Alifariki tarehe 4 Juni 1988 huko Mooroopna, mji mdogo wa Victoria, akiwa na miaka 81. Alifanyiwa mazishi ya kiserikali, yenye viongozi na umati wa watu, kisha mwili wake ukapelekwa kaskazini, ukavushwa mto Murray, na kuzikwa Cummeragunja, mahali pale pale alipowaona polisi wakimchukua Hilda, kati ya wazazi na ndugu zake, ambako hakuna tena awezaye kumwondoa.