Usiku Mmoja, Baa Tatu

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kaunta kwenye baa moja yenye matawi kila upande wa jiji. Jina sitalitaja. Aliyewahi kuingia tawi moja ni kama ameingia yote: viti vilevile, picha zilezile ukutani, taa za rangi ileile, glasi za umbo lilelile. Makao makuu walituletea hata mchoro wa rafu, unaoonyesha chupa ipi ikae kushoto kwa ipi, na msimamizi wa kanda akija kutukagua aliangalia rafu kwanza, salamu baadaye.

Sisemi kwa dharau. Kuna raha yake kuingia mahali ambapo hujawahi kufika na tayari unajua choo kiko upande gani. Na watu walitupenda. Ijumaa foleni ya mlangoni ilitoka nje mpaka barabarani, na mabaunsa wetu wawili walikuwa na kazi ya kuwatuliza watu ambao hawajanywa hata tone.

Ijumaa ninayoikumbuka ilikuwa ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, na kilichoharibika kiliharibika mchana, kabla mteja yeyote hajafika. Lori la bia lilichelewa. Mapipa yaliyotakiwa kuingia Alhamisi asubuhi yaliingia Ijumaa saa tisa alasiri, yakiwa yamechemka kwa jua la njiani. Meneja aliyagusa kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, tutaona." Mtu wa baa akisema tutaona, jua mambo yameharibika.

Bia ya pipa haitaki haraka. Pipa la lita 50 likiingia na joto la barabarani linahitaji karibu siku nzima kwenye chumba cha baridi, ndipo hata bia iliyo katikati ipoe. Ukiitoa kabla ya hapo, gesi iliyomo haitulii; ukifungua bomba linamwagika povu. Wengi hudhani ukifungua bomba nusu povu litapungua. Linazidi. Bomba hufunguliwa lote kwa mara moja, glasi umeiinamisha, bia iteleze ubavuni, kisha unaisimamisha taratibu inapokaribia kujaa. Na glasi iwe imeoshwa ikaoshwa tena: ukiona viputo vimeng'ang'ania kwenye kuta za glasi chini ya usawa wa bia, ujue kuna mafuta au sabuni iliyobaki. Yote hayo nilikuwa nayajua. Pipa la moto halijali unachojua.

Mapipa ya zamani, yale yaliyokuwa baridi, yalitufikisha saa tatu kasoro usiku. Mpaka hapo ilikuwa Ijumaa ya kawaida, nzuri hata. Meza ndefu ya katikati ilikuwa na sherehe ya kuzaliwa, akina dada kama kumi hivi, mwenye siku yake amevishwa taji la plastiki linaloteremka kwenye jicho kila anapocheka, na alikuwa anacheka muda wote. Walianza na kokteli, wakahamia kwenye bia za chupa. Mmoja alikuja kaunta akaniita, "Kaka yangu wa damu, usitusahau," nami nikacheka, kwa sababu ndiyo kwanza tunaonana.

Meza ya watu wawili, ile iliyobanwa ukutani, walikaa mzee mmoja na mkewe. Walifika mapema, ukumbi ukiwa nusu tupu. Niliwaamkia, mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaniagiza bia moja ya bomba na juisi moja, halafu akanieleza bila kuulizwa kwamba waliwahi kukaa tawi letu jingine, alasiri moja walipotoka kumsindikiza mjukuu kituo cha basi. Palikuwa patulivu, wakazungumza mpaka jua likazama. Alipogundua kuna tawi karibu na kwao alimwahidi mama kumleta. Alinionyesha picha iliyokuwa juu ya kichwa chake. "Hata pale tulikaa chini ya hii hii." Alifurahi kweli. Ile picha ilikuwa imemwahidi jambo.

Hapo ndipo ninapoona makao makuu walijidanganya. Viti waliweza kuvifananisha. Saa hawakuweza. Alasiri ya Jumanne na usiku wa Ijumaa ni baa mbili tofauti zinazotumia ufunguo mmoja, na mzee alikuwa ameipenda ile ya Jumanne. Ukitazama zinakotoka baa za namna hii utaelewa: mwaka 1965 Alan Stillman alifungua T.G.I. Friday's ya kwanza kule Manhattan, New York, kwa nia iliyo wazi kabisa ya kupata mahali ambapo vijana wasio na wenzi watakutana. Baadaye ikawa na matawi duniani kote. Kelele na msongamano vilikuwamo kwenye wazo tangu mwanzo. Wanandoa waliokwisha kukutana miaka arobaini iliyopita hawakufikiriwa.

Saa tatu DJ alichomeka waya zake. Spika moja ilikuwa imefungwa juu ya ile picha.

Nilikuwa kaunta, umbali wa hatua kumi na kitu, na niliona uso wa mama ukibadilika. Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio, mama akarudia alichosema, mzee akatikisa kichwa, mama akaacha. Huku nako akina dada walipiga vigelegele, na DJ alipoona vigelegele vinaifunika nyimbo akapandisha sauti. Watu wakaongea kwa nguvu zaidi ili wasikilizane. Akapandisha tena. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza jinsi mtu anavyopaza sauti bila kujijua pakiwa na kelele; ongeza DJ ambaye naye anataka kusikika, uone itaishia wapi.

Nilitoka kaunta nikaenda kwao. Nikainama, nikapiga kelele, "Mzee, niwahamishe?"

"Ndiyo," akanijibu, "tumeshalipa!"

Nikaashiria kwa mikono: meza nyingine. Akaelewa, akatazama huku na huku, nami nikatazama naye. Hapakuwa na meza nyingine. Nje palikuwa na wavuta sigara. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na wateja wawe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Kwetu sehemu tulivu ilikuwa stoo, katikati ya makreti.

Waliondoka wakiwa hawajamaliza. Niliwasindikiza hadi mlangoni, na pale ambapo sauti ilipungua kidogo mama alinishika mkono, akasema bila hasira yoyote, "Pazuri, mwanangu. Ila hapakaliki."

Niliporudi kaunta, mwenzangu alikuwa amefungua pipa jipya. Alikuwa na glasi tatu mbele yake, zote nyeupe. Alisubiri povu litulie, akaongeza, likafura tena, akalipangusa kwa kisu cha povu, akaongeza. Bia moja iliyokuwa ikichukua muda wa kupiga chafya sasa ilichukua dakika nzima na zaidi, na kiasi kilekile kilikuwa kinaishia kwenye trei. Waliokuwa mbele waliona tunamwaga. Mmoja alinyanyua glasi yake akaipimia kidole: vidole vitatu vya povu. "Nimelipia bia au nimelipia sabuni?" Nilimjazia. Wa pili yake akataka ajaziwe vilevile, na wa tatu. Nyuma yao watu waliongezeka wakawa safu ya pili, kisha ya tatu.

Meneja alituambia tuseme bia ya bomba imekwisha. Mwenzangu akamwonyesha bango la ofa lililoning'inia juu ya vichwa vyetu: bia ya bomba, mbili kwa bei ya moja, usiku kucha. Lilitoka makao makuu. Kuliteremsha kulihitaji kibali cha makao makuu, ambao Ijumaa saa nne usiku hawapokei simu. Meneja akalitazama lile bango, akaenda kusaidia kukusanya glasi.

Wakati huohuo, na hili ndilo linalonichekesha mpaka leo, meza ndefu hawakujua lolote. Chupa zilitoka kwenye friji baridi kabisa. Mhudumu wa meza yao alikuwa ndiye mwepesi kuliko wote, msichana aliyekumbuka oda ya watu kumi bila kuandika. DJ alimtaja mwenye siku yake kwa jina kwenye maiki, ukumbi mzima ukamwimbia, watu wasiomjua wakamnunulia, na baunsa mmoja, mtu ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alishika simu akawapiga picha mara tano kwa sababu kila mara mmoja alikuwa amefumba macho. Nilipita na trei nikaona dada mmoja analia kwa furaha begani kwa mwenzake. Ulikuwa usiku mzuri kweli. Baa ya kelele inapomkubali mtu, inamkubali kwa ukumbi mzima, na hilo hulipati mahali patulivu hata ulipie.

Kulikuwa pia na kijana mmoja peke yake, shati limenyooka, amesimama mwisho wa kaunta. Huyu nilimwona kwa pembe ya jicho mara kadhaa na sikumhudumia, wala mwenzangu hakumhudumia. Kaunta haina foleni. Foleni iko kichwani mwa mtu wa kaunta, na ameipanga kwa macho. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, waliokuwa wakitaka kumfundisha roboti kuuza baa, walichapisha walichokiona kwenye video za wateja halisi: kupunga mkono au kuonyesha pesa ni nadra. Anayetaka kinywaji husogea mpaka kwenye kaunta na kumtazama mhudumu. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, mhudumu huona kwamba huyu hana shida. Kijana wetu alikuwa ameegemea kaunta kwa ubavu, macho kwenye simu, akisubiri kwa adabu afikiwe. Nadhani alilelewa kutomsukuma mtu. Kila akiinua macho mimi nilikuwa nimeinamia povu, na nikiinua yangu yeye alikuwa amerudi kwenye simu. Saa tano nilitazama pale mwisho, hayupo.

Yaliyobaki yalikuwa ya kila Ijumaa. Bili ya meza ndefu ilizua mjadala, maana watu kumi hawajawahi kukubaliana nani alikunywa nini, ikalipwa, tipu ikabaki nono. Tulifunga saa nane.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na kikao, na msimamizi wa kanda alikuwepo. Meneja alisoma karatasi za maoni, zile tulizokuwa tunaziweka pamoja na bili na juu ya kaunta. Ya meza ndefu ilikuwa na moyo umechorwa, na maneno kwamba hawajawahi kupata usiku kama ule popote. Moja iliandikwa kwa herufi kubwa: MNAUZA POVU. Nyingine, mwandiko mzuri wa shule, ilieleza kwamba mwandishi alisimama karibu nusu saa kama vile haonekani, hakumlaumu mtu, alitaka tu tujue. Nikajua ni nani. Nilingoja ya mzee na mkewe. Hawakuwa wameandika kitu. Nao, kwa maoni yangu, ndio waliokuwa na la kusema.

Msimamizi wa kanda alizisikiliza kwa heshima, kisha akafungua faili lake. Ijumaa hiyo, alisema, makao makuu walikuwa wametuma mteja wa siri, mtu wa kulipwa anayejifanya mteja na kujaza fomu: alisalimiwa ndani ya dakika moja? Kinywaji kililetwa juu ya kitambaa cha karatasi? Glasi ilikuwa safi? Bia ilikuwa baridi? Muziki ulikuwa wa kiasi? Tulikuwa tumefaulu kila swali. Tawi letu lilikuwa la kwanza kwenye kanda.

Mwenzangu wa kaunta alinyoosha mkono. "Samahani bosi. Huyo mteja alikuja saa ngapi?"

Msimamizi alifunua karatasi, akateremsha kidole. "Hapa wameandika saa kumi na moja na nusu jioni."

Hakuna aliyecheka mpaka meneja alipocheka. Msimamizi akasubiri tunyamaze, akatuomba tuendelee hivyohivyo, akatugawia fulana za pongezi zenye nembo ya kampuni. Zote zilikuwa saizi moja.